Nikikosa kulipa Februari, picha za wateja wangu zitafungwa?

"Mwalimu, hujambo. Mimi ni mpiga picha hapa Kakamega, huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu kubwa ni harusi na sherehe za mahari, na siku za kawaida napiga picha za pasipoti. Tangu nianze natumia Photoshop CS6, programu ya kurekebisha picha, ambayo fundi aliniwekea kwenye laptopu. Juzi nilinunua kamera ya Canon EOS R50, na sasa CS6 inakataa kufungua picha zake za RAW (zile ghafi kama kamera ilivyozipiga), inasema haiitambui faili. Fundi anasema kwa shilingi 2,000 ataniwekea Photoshop 2025 'ya maisha'. Rafiki yangu wa Nakuru anasema hakuna Photoshop ya maisha siku hizi, ni kulipa karibu dola 20 kila mwezi. Mwingine anasema Photoshop siihitaji, nichukue Lightroom, lakini nikitafuta naona Lightroom mbili. Kuna pia jamaa wa Telegram anayeuza akaunti ya mwaka mzima kwa shilingi 3,500. Harusi hunijaa Aprili, Agosti na Desemba, lakini Januari na Februari nakaa bila hata moja. Nikianza kulipa kisha nikose pesa Februari, picha za wateja wangu zitafungwa? Laptopu yangu ni ya RAM 8, Windows 10. Nichague ipi?"

Dada, asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Umeuliza mengi, lakini nikiyasoma tena naona roho yako iko kwenye swali la Februari, basi nianze nalo. Picha zako hazitafungwa. Programu ya kulipia kila mwezi haiwezi kufunga faili zilizo kwenye diski yako mwenyewe. Ukiacha kulipa, kinachofungwa ni vifaa vya kazi: ile sehemu ya kurekebisha mwanga, rangi na ngozi. Ila ipo namna moja ya kutumia Lightroom ambapo picha asilia huhamia kwa mwenye programu, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa macho. Nitafika huko.

Ili uamue bila kusukumwa na fundi wala rafiki, inabidi kwanza uone kinachotendeka unaporekebisha picha. Chukua mfano wa mafundi wawili wa cherehani pale soko la Kibuye, Kisumu. Mmoja ukimpa kitambaa anakikata papo hapo. Mwingine anaandika vipimo daftarini, kitambaa kinabaki kizima kwenye rafu, na siku unayotaka gauni ndipo anashona kwa kufuata daftari. Lightroom ni huyu wa pili. Ukiongeza mwanga, ukinyoosha picha au ukipunguza wekundu wa ngozi, faili ya RAW haiguswi hata kidogo. Kila ulichofanya kinaandikwa kama maagizo ndani ya faili moja inayoitwa katalogi. Ukisema sasa nataka picha ya kumpa bibi harusi, programu inasoma maagizo, inayatekeleza juu ya nakala, na inakutolea JPEG.

Wazee wa studio wa enzi za filamu waliita kazi hii kuosha picha, na neno hilo bado linafaa. RAW ndiyo negativu. Sehemu ya Lightroom yenye vitelezo vya mwanga na rangi inaitwa Develop, yaani kuosha. Kwa hiyo una vitu vitatu, na ninaomba uvitenganishe akilini: negativu, maagizo, na picha iliyokamilika. Cha kwanza na cha tatu ni vyako daima, mradi vikae kwako. Cha pili nacho ni chako, lakini kinahitaji programu iliyokiandika ili kisomeke sawasawa. Hofu yote ya Februari inahusu hicho cha pili tu.

Photoshop ina tabia nyingine. Yenyewe hukaa na picha moja kwa muda mrefu: unaondoa waya wa stima nyuma ya maharusi, unabadilisha usuli wa picha ya pasipoti, unatengeneza kadi ya mwaliko. Kazi inahifadhiwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, ndani ya faili ya PSD. Ndiyo maana aliyekuambia "huhitaji Photoshop" amesema nusu ya ukweli. Kwa harusi ya picha 1,500, kuzifungua moja moja kwenye Photoshop ni kujitesa. Kwa picha tano za kuwekwa kwenye fremu ukutani, Lightroom peke yake wakati mwingine haitoshi.

Sasa haya majina ya matoleo, ambayo yamechanganya watu wengi na si kosa lao. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990 ikihesabiwa kwa namba hadi 7.0 ya mwaka 2002. Mwaka 2003 namba ziliachwa, ikaitwa CS, ikaendelea hadi CS6 ya mwaka 2012. Kumbe basi 7.0 ni ya zamani kuliko CS6, ingawa nimekutana na vijana wanaoamini kinyume chake kwa sababu saba ni kubwa kuliko sita. Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba haitatoa CS7. Kuanzia hapo Photoshop ikawa ya usajili, chini ya jina Creative Cloud, na baadaye ikapewa miaka kama magari: 2020, 2021, hadi hii 2025 ya fundi wako. Lightroom ilichelewa kidogo. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja.

Rafiki yako wa Nakuru yuko sahihi basi. Photoshop 2025 ya maisha haijawahi kuuzwa na mwenye nayo. Hata zile za zamani zilizouzwa kihalali zimefikia mwisho kwa njia ambayo wanunuzi hawakuitarajia: Adobe ilizima seva za kuthibitisha leseni za CS2 na CS3, kwa hiyo mwenye diski halisi ya CS3 akibadilisha kompyuta leo hawezi kuiweka tena.

Kuhusu CS6 yako na R50, naomba usimlaumu mtu wala kamera. CS6 husoma picha za RAW kwa kutumia kiungo kinachoitwa Camera Raw, na kwa CS6 kiungo hicho kilikoma kuboreshwa mwaka 2015, kwenye toleo la 9.1.1. Kamera yako huandika RAW za aina ya CR3, ambazo Canon ilianza kuzitumia mwaka 2018. Unampa mtu barua iliyoandikwa kwa alfabeti iliyobuniwa baada yake kuacha shule. Hatakaa aisome, hata ukibonyeza mara mia.

Dawa ya leo jioni haigharimu kitu isipokuwa bando. Adobe wenyewe hutoa bure programu ndogo inayoitwa DNG Converter. Unaielekeza kwenye folda yenye CR3, unachagua kwenye mipangilio yake zilingane na Camera Raw za zamani, kwa mfano 7.1, nayo inakutolea nakala za DNG, aina ya RAW ya Adobe wenyewe, ambazo programu ya zamani inazifungua. Usifute CR3 zenyewe baada ya hapo. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi kwako, ni Digital Photo Professional ya Canon. Ni bure kwa mwenye kamera ya Canon, unaipakua kwenye tovuti yao ukiwa na namba ya kamera iliyoandikwa kwenye kamera yenyewe, na inasoma CR3 bila kugeuza chochote. Ni nzito kidogo na sura yake haivutii, lakini rangi za ngozi hutoka vizuri. Wengi hununua kamera hizi bila kuambiwa kwamba tayari wamepata programu ya kuosha.

Tuje kwa fundi. Simchukii, anatafuta riziki kama mimi na wewe. Lakini anachokuuzia kwa shilingi 2,000 ni Photoshop iliyovunjwa kufuli, na nakala hizo hutoka kwa watu asiowajua. Ili zifanye kazi, mara nyingi unaambiwa kwanza uzime antivairasi. Hebu fikiria unachoombwa: uzime mlinzi, ufungue mlango, kisha umkaribishe mgeni usiyemjua ndani ya nyumba yenye picha za harusi za watu.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Ahero alinijia Kisumu na laptopu yake. Alikuwa ameweka programu ya namna hiyo jioni, na asubuhi kila picha ilikuwa na herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake, na barua ya Kiingereza ikidai dola ili zifunguliwe. Hiyo ni aina ya virusi inayosambaa sana kupitia programu zilizovunjwa. Hatukuzifungua. Tulifanikiwa kuokoa harusi moja kutoka kadi ya kamera ambayo kwa bahati hakuwa ameitumia tena kupigia picha. Nyingine mbili zilipotea, na mmoja wa maharusi alikuwa amefiwa na baba yake wiki mbili baada ya sherehe. Zile zilikuwa picha za mwisho za mzee. Kila mtu akinitajia Photoshop ya shilingi 2,000, huyo mzee ndiye ninayemkumbuka.

Na CS6 uliyonayo? Ilipotoka iliuzwa dola 699, zaidi ya shilingi 55,000 kwa thamani ya wakati ule. Kama fundi alikuwekea bila stakabadhi wala namba ya leseni kwa jina lako, basi nayo ilivunjwa. Sikuhukumu, ndivyo wengi walivyoanza. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi, na wewe sasa una biashara yenye jina na wateja. Ni wakati wa kuhama.

Jamaa wa Telegram ndiye hatari zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu anafanana na njia halali. Akaunti anayokuuzia inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila mwenyewe si wewe. Barua pepe ni ya mtu mwingine, nenosiri ni la mtu mwingine, na siku akiibadilisha huna wa kumshtaki. Mara nyingine ni akaunti ya chuo au ya kampuni iliyogawanywa kwa watu wengi wasiofahamiana. Ukiweka picha za wateja kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, unaziacha kwenye sebule ya watu. Picha za mteja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayewajibika ni wewe uliyezipokea.

Sasa Lightroom mbili. Oktoba 2017 Adobe waliigawanya Lightroom. Ile ya zamani, inayokaa kwenye kompyuta na kuacha picha pale ulipoziweka, ikaitwa Lightroom Classic. Nyingine mpya ikachukua jina tupu la Lightroom, nayo ilijengwa kwa kuhifadhi picha mtandaoni ili uzikute kwenye simu, tableti na kompyuta. Neno Classic limewafanya wengi wadhani ni ya kizamani, inayokufa. Sivyo. Inaendelea kuboreshwa kila mwaka, na kwa mpiga picha za harusi ndiyo farasi wa kazi.

Tufanye hesabu ya hifadhi ya mtandaoni. Tuseme RAW moja ya kamera yako ina takriban megabaiti 25. Harusi ya picha 1,500 ni gigabaiti 37 na nusu. Kama intaneti yako hupakia kwa megabiti 5 kwa sekunde, harusi moja itachukua karibu saa 17 bila kukatika, na stima isipotee. Terabaiti moja inajaa baada ya harusi kama 26. Lightroom ya mtandaoni tangu mwaka 2023 inaweza pia kurekebisha picha zilizo kwenye diski bila kuzipakia, lakini watu wengi huiacha ifanye ilivyozoea, wakazipandisha zote juu, kisha wakafuta za kwenye laptopu ili kupata nafasi. Huyo ndiye mtu wa kuogopa Februari. Akiacha kulipa, hatabaki na negativu mkononi. Adobe husema huzitunza kwa mwaka mmoja ili mwenyewe azipakue, lakini kupakua terabaiti moja kwa bando ni mzigo ambao sitaki uubebe.

Kwa Classic hali ni tofauti sana. Usajili ukiisha, programu inaendelea kufunguka. Unaona picha zako zote, unazitafuta, unaweza hata kutoa JPEG za zile ulizokwisha kuziosha, pamoja na maagizo yako yote. Kinachofungwa ni Develop na sehemu ya ramani. Yaani Februari mteja wa Agosti akikuomba nakala nyingine, unampa. Usichoweza ni kuosha harusi mpya. Ukilipa tena Aprili, unaendelea palepale ulipoachia.

Bei nazo zina mtego wake. Zilipopangwa upya Januari 2025, kwa bei ya Marekani mpango wa Lightroom wenye terabaiti moja ni dola 11.99 kwa mwezi, na Lightroom Classic imo ndani yake. Mpango wa wapiga picha wenye Photoshop pamoja na Lightroom zote mbili ni dola 19.99. Cha kushangaza, Photoshop peke yake huuzwa dola 22.99, ghali kuliko mpango wenye Photoshop hiyohiyo na Lightroom juu yake. Nimeona watu wakilipia hiyo ya peke yake kwa sababu ndiyo waliyoijua jina. Ule mpango wa gigabaiti 20 wa dola 9.99 unaosifiwa kwenye video za zamani ulifungwa kwa wateja wapya, usipoteze muda kuutafuta.

Ukihesabu dola kwa shilingi 130, mpango mdogo ni kama shilingi 18,700 kwa mwaka, mkubwa ni kama 31,200. Kodi ya VAT ya 16% inaweza kuongezwa juu, na benki nayo huwa na chake kwenye kubadilisha pesa. Angalia jumla ya mwisho kabla ya kubonyeza. Huna haja ya kadi ya benki, kwani kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2022, hutumika kulipia huduma za nje.

Mtego niliousema ni huu. Pale unapoona "dola 19.99 kwa mwezi", kwa kawaida si mkataba wa mwezi. Ni mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo. Ukiuvunja baada ya siku 14 za kwanza, unatozwa nusu ya miezi iliyobaki. Tuseme umeanza Oktoba na Februari umekauka, umelipa miezi minne: imebaki minane, ambayo ni karibu dola 160, na nusu yake ni dola 80. Hizo ni zaidi ya shilingi 10,000 za kuondoka tu. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliishtaki Adobe ikidai kwamba ada hiyo ilifichwa wateja wasiione. Tena lile jaribio la bure la siku 7 hugeuka mkataba wa mwaka lenyewe usipolisitisha kwa wakati. Weka kengele kwenye simu siku ya tano.

Kwa mtu ambaye pesa yake huja kwa misimu kama yako, naona malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo yanafaa kuliko ya kila mwezi, na yasilipwe mpaka msimu uwe umeingiza. Harusi za Desemba zikilipwa zote, toa pesa ya programu kama unavyotoa karo ya Januari, na Februari haitakudai kitu. Ubaya wake ni kwamba siku 14 zikipita hupati pesa zako tena hata ukiichukia programu. Ndiyo maana sitaki ulipe kabla hujaijaribu kwa kazi halisi.

Kabla ya kulipa chochote, angalia vya bure, kwa sababu hali imebadilika mno hata kwa walioviangalia miaka mitatu iliyopita. Affinity, programu ya kuhariri picha iliyotengenezwa na kampuni ya Serif ya Uingereza, ilikuwa ya kununua mara moja. Canva waliinunua Serif mwaka 2024, na Oktoba 2025 wakaitoa Affinity mpya bure kwa mwenye akaunti ya Canva, nayo akaunti ni bure. Wanazolipisha ni zile zana za akili unde. Inafungua PSD zako za CS6, ina tabaka, inaondoa waya wa stima, inabadilisha usuli wa pasipoti. Kwa kazi yako ya Photoshop inatosha, nasema hivyo baada ya kuitumia mwenyewe kwa kadi za mialiko na picha za fremu. GIMP nayo ni bure tangu zamani, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeondoa mengi yaliyokuwa yakiudhi, ila mtu aliyezoea Photoshop hupotea ndani yake wiki mbili za kwanza. Ukiwa mbali na laptopu yako, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari cha saiba yoyote na kusoma PSD bila kuipandisha kwenye seva ya mtu.

Kwa kuosha harusi nzima, mshindani wa bure wa Lightroom ni darktable. Inafanya kazi kwa maagizo vilevile, haikati kitambaa, na inasoma CR3. Lakini nikuambie ukweli: ni ngumu. Ina vitelezo vingi mno na majina ya kihandisi. Lightroom inaweza kuchagua anga au mtu kwa kubonyeza mara moja, ukarekebisha picha moja na kuwapa nyingine 200 rekebisho hilohilo. Pale Desemba unapokuwa na harusi tatu kwa wiki mbili, muda huo ni pesa. Unalipia usiku wako wa kulala.

Leseni za kununua mara moja bado zipo pia. Capture One na DxO PhotoLab, programu nyingine za kuosha RAW, huziuza, lakini ni zaidi ya dola 200 kwa mkupuo, na kamera mpya ikitoka miaka ijayo itakubidi ununue toleo jipya, kama yaliyokupata na CS6. Photoshop Elements, inayotangazwa kama "si ya usajili", leseni yake tangu toleo la 2025 hudumu miaka 3 tu. Sikushauri hizo kwa sasa.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekuambia hivi. Kuanzia leo osha kwa Digital Photo Professional, na picha za pasipoti na za fremu zifanye kwa Affinity. Ondoa CS6. Kaa hivyo msimu mmoja. Harusi ya kwanza kubwa ya Aprili ikiwa kwenye kadi, ndipo uanzishe jaribio la siku 7 la Lightroom, uoshe harusi hiyohiyo kwa Classic, na uandike saa ulizotumia. Kama imekuokolea siku mbili, chukua mpango wa dola 11.99 ukiwa na pesa ya mwaka mkononi. Ule wa 19.99 uache, kwa sababu sehemu ya Photoshop utakuwa tayari unaifanya kwa Affinity. Kama tofauti haikuwa kubwa, sitisha jaribio na usilipe kitu.

Na siku utakayoanza kulipa, tayarisha njia ya kutokea siku hiyohiyo. Kwenye mipangilio ya katalogi ya Classic kuna mahali pa kuamuru maagizo yaandikwe pia kwenye faili ndogo za XMP kando ya kila picha, liwashe. Programu nyingine haziyasomi maagizo hayo yote sawasawa, darktable kwa mfano huchukua baadhi tu, kwa hiyo usitegemee hilo peke yake. Kila harusi ikikamilika, toa JPEG za ukubwa kamili zote, si zile za albamu tu. Negativu, XMP na JPEG viweke kwenye diski mbili za nje, moja studio na nyingine nyumbani. Kompyuta ikiibiwa Jumatatu, Jumanne bado una kazi.

Jambo moja ulilitaja kama kando lakini si dogo: RAM 8 na Windows 10. Photoshop na Lightroom za sasa zinataka angalau RAM 8 na zinapendekeza 16, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukilipia programu leo ukaiweka kwenye laptopu inayokohoa, utailaumu programu bure. Kama laptopu yako inakubali kuongezewa RAM, pesa ya miezi michache ya usajili itafanya kazi kubwa zaidi hapo kwanza.

Hapo kwenye laptopu ndipo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mpelekee fundi anayekubali kuifungua ukiwa umekaa naye, akuonyeshe kama nafasi ya RAM ipo na kama Windows 11 itaingia. Mwombe pia aikague yote kwa antivairasi, kwa kuwa CS6 ile imekaa humo miaka minne. Nakili picha zako kwenye diski ya nje kabla hajaigusa. Na kama siku yoyote utakuta faili zimebadilika majina au zinakataa kufunguka zote kwa pamoja, kata waifai, usiifomati, usipige tena hata picha moja kwenye kadi ya kamera, na uilete laptopu pamoja na kadi zote kwa mtu anayejua kuokoa data siku hiyohiyo.